Mabendi ya mtaa Southend na Canvey, kila mtu na vyombo vyake

Alhamisi

Treni ya Southend, mji wa pwani mashariki mwa London, inaondokea London kwenye kastesheni kadogo ka Fenchurch Street, mwendo wa kama saa moja hivi, na ukishapita Benfleet hakikisha umekaa upande wa kulia maana maji ndio yanaanza. Ukifika Chalkwell bahari iko pale pale pembeni ya reli, nasema bahari lakini kiukweli ni mdomo wa mto Thames, na mimi nimefika maji yamekupwa kwa hiyo nilichokikuta ni tope tupu, limeenda zaidi ya kilomita mpaka boti zimelala ubavu. Mimi mtu wa Kigamboni, kupwa na kujaa nakujua, ila hii ya wenzetu imezidi. Ndio maana wakajenga gati la kilomita 2.14 kuyafuata maji huko yaliko, refu kuliko magati yote ya starehe duniani, na lina treni yake ya kukupeleka mwisho na kukurudisha.

Nimekuja kumwona dada, kajifungua, hiyo ndio sababu rasmi. Sababu nyingine ni kwamba napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi Dar, na shemeji yangu miaka yote ananitumia vivideo vya vibendi vya huku vinapiga kwenye kona za baa, watu wanne, wazee wa vitambi, na wanapiga kweli kweli. Nikawa namuuliza shem, hawa watu wa kiwango hiki mbona wamewekwa karibu na mlango wa choo? Ananijibu huyo mwenye besi ni mwalimu wa hesabu bhana, Jumatatu yuko darasani.

Jioni mtoto akalala, dada akatufukuza, "nendeni huko na makelele yenu," tukaenda Leigh-on-Sea ambako kuna mtaa wa zamani wa wavuvi umebanwa kati ya reli na maji. Vibanda vinauza chaza wadogo waliochemshwa, unapewa kwenye kikombe unamwagia siki na pilipili manga. Shemeji havili, anasema vina mchanga. Nikala vyangu na vyake, na mchanga kidogo upo, hajasingizia.

Baa tuliyoingia ilikuwa siku ya yeyote anayetaka kupiga. Unaandika jina lako kwenye ubao, unapewa nyimbo tatu, unashuka anapanda mwingine. Kuna mwenyeji mmoja ambaye spika, maiki na mixer ni vyake, kazi yake kupanga zamu na kuwazuia waliolewa wasirudi mara ya pili. Akapanda mama wa makamo na akodiani, akafuata kijana ovaroli bado ina rangi za ukutani, inaonekana katoka saiti moja kwa moja, sauti yake aisee. Nusu ya watu wako nje wanavuta sigara maana tangu 2007 huwezi kuvuta ndani ya baa Uingereza, kwa hiyo msanii anaimba anaangalia migongo ya watu kwenye dirisha, na wimbo ukiisha makofi yanatokea nje.

Nikamuuliza shem swali ambalo mwanamuziki yeyote wa Dar angeuliza. Vyombo vya nani?

"Vya kila mtu mwenyewe."

"Hata ile ampu?"

"Shem, kila kitu. Wakimaliza kila mtu anabeba chake anaondoka."

Kwa wasioijua dansi yetu, kwetu bendi inaanza na mwenye vyombo. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, chama ndio kilinunua magitaa, matarumbeta na spika, kikaajiri wanamuziki kwa mshahara, jina likaja kuwa JUWATA halafu OTTU na leo ndio Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndio hao Sikinde, wakawa chini ya shirika la DDC, polisi wakawa na bendi yao, jeshi nalo likawa na zake, na baadae wakaja wafanyabiashara. Ukikorofishana na mwenye vyombo unatoka na shati lako tu, ndio maana wanamuziki wetu kila siku wanahama hama, mtu analala bendi hii anaamkia ile. Mimi mwenyewe nimepiga miaka na miaka kwenye gitaa la bosi. Huku nao chama wanacho, Musicians' Union, kipo tangu 1893, lakini hakimiliki bendi ya mtu, kinakutetea kwenye mkataba na kukusaidia bima ya gitaa lako. Chama cha wafanyakazi kwao na chama cha wafanyakazi kwetu, halafu angalia vilivyoachana njia.

Ijumaa

Mchana nilitembea ufukweni peke yangu. Kuna jengo lenye kuba linaitwa Kursaal, lilifunguliwa 1901, lilikuwa bonge la kiwanja cha starehe, na miaka ya 70 ukumbi wake ulipigwa na mabendi makubwa makubwa ya rock. Bendi moja ya hapa hapa ikajiita Kursaal Flyers na 1976 ikapata hit yake. Kuba lipo, muziki ule haupo. Pembeni ni mashine za sarafu na maduka ya aiskrimu mpaka uchoke.

Usiku ndio kazi ilianza. Baa ya ufukweni, bendi ya kukopi, yaani nyimbo za watu wengine tupu, kuanzia za Rolling Stones mpaka za juzi. Shem anafahamiana na mpiga dramu kwa sababu wote wanaendesha vani za kupeleka mizigo, tukafika mapema kuwasaidia kushusha. Hapo nikajifunza kitu: hakuna kijana wa kubeba vyombo. Mwimbaji ana miaka hamsini na kitu, fundi umeme, kabeba spika begani kapita nayo katikati ya watu wanaokula samaki na chipsi, "samahani, samahani mpenzi, angalia mguu," mpaka kwenye kona. Meza mbili zikasogezwa, ubao wa kurushia vishale ukafunikwa, tayari jukwaa. Kutoka mlangoni mpaka sauti ya kwanza haijafika saa nzima, na fundi mitambo ndio huyo huyo mwimbaji, anaimba huku mkono mmoja uko kwenye mixer.

Mpiga besi wao alikuwa anaumwa, wakapata deiwaka. Mnajua deiwaka wa daladala, basi ni yule yule. Anapiga bendi tatu nne kwa zamu, hajawahi kufanya mazoezi na hawa hata siku moja, kaja na tableti yenye kodi (chords) za nyimbo mia na ushee. Na wana lugha ya vidole. Mpiga gitaa kabla ya wimbo anainua vidole viwili juu, maana yake kii (ngazi ya sauti ya wimbo) ni D. Kidole kimoja juu ni G, vitatu A, vinne E. Vikielekea chini basi ni upande wa flati, kimoja chini ni F, viwili B flati. Wanahesabu alama za sharpu (za kupandisha sauti) na flati (za kushusha) za ile kii, hiyo tu. Hakuna kupiga kelele "unaanzia wapi wewe", vidole vinaonekana sekunde moja na wimbo huo umeondoka. Nimeandika kwenye simu, nikirudi nawafundisha wenzangu maana sisi tunaitana kwa miluzi.

Sasa kile kiboksi. Ukutani juu ya soketi za jukwaa kulikuwa na kiboksi cha taa tatu, kijani, njano, nyekundu. Kinasikiliza. Muziki ukiwa wa kawaida kijani, ukipanda njano, ukiingia nyekundu ukakaa hapo sekunde chache kinakata umeme wa jukwaa zima. Sikuamini mpaka nilipoona. Set ya pili, watu wamechangamka, akina mama wa kundi moja la kumuaga bi harusi wako juu ya viti, wanaimba kiitikio kwa sauti kuliko bendi, na ile kelele YAO ndio ikapeleka taa kwenye nyekundu. Pap. Giza la sauti. Magitaa kimya, besi kimya, kilichobaki ni dramu, na yule jamaa wala hakusimama, akaendelea kupiga peke yake kama dakika nzima hivi watu wanapiga makofi kwa mapigo mpaka mwenye baa akaja na ufunguo kukiwasha upya. Wameshazoea. Mwimbaji akasema kwenye maiki kwamba asanteni, tumepigiwa simu na jirani kabla hajapiga.

Sheria yenyewe kumbe ni rafiki. Tangu 2012 baa yenye leseni ya pombe haihitaji kibali kingine kwa muziki wa laivu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano usiku, mwanzo ilikuwa kwa watazamaji wasiozidi 200 na baadae wakapandisha mpaka 500. Tatizo ni majirani. Mtu ananunua fleti juu ya ufukwe halafu anashangaa Ijumaa kuna makelele, analalamika halmashauri, na baa inafungiwa kale kaboksi. Saa tano kasoro ngoma ya mwisho, saa tano kamili kila mtu anazungusha nyaya. Kwa mtu aliyezoea bendi inapasha moto saa nne na kumaliza saa tisa, mimi saa tano nilikuwa ndio kwanza nimekaa vizuri.

Malipo nilimuuliza mpiga dramu wala hakuficha. Pauni 300 kwa bendi, watu wanne, 75 kila mtu, toa mafuta, toa chips. Hakuna kiingilio, hakuna kutunzwa. Nilipomwambia kwetu mtu akifurahi anapanda jukwaani anakubandika noti kwenye paji la uso alicheka sana akasema akijaribu mtu hapa atadhaniwa anaanzisha ugomvi. Nikamuuliza kwa nini basi unafanya, akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini anakula. Yuko bendini tangu shule, seti ya dramu ni yake, kainunua kidogo kidogo, mke wake kaipangia nafasi yake gereji.

Jumamosi

Canvey. Hiki ndio kisiwa nilichokuwa nakitaka, na shem alinishangaa maana hata wenyeji wa Southend wanakitania. Unashuka Benfleet unapanda basi, unavuka kijito, umefika. Kisiwa chenyewe tambarare na kiko chini ya usawa wa maji yakijaa, kimezungushiwa ukuta wa zege, kwa hiyo ukisimama mtaani bahari huioni, panda ngazi za ukuta ndio unakuta maji yako juu kuliko sakafu za nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari iliingia na watu 58 wakafa kisiwani humu. Upande mmoja kuna matangi ya mafuta na gesi, na kuna gati refu la kiwanda cha mafuta ambacho hakikuwahi kusafisha hata pipa moja.

Hapo ndipo ilipotoka bendi ya Dr. Feelgood, 1971. Wanne: Lee Brilleaux mwimbaji, Wilko Johnson gitaa, John B. Sparks besi, na mpiga dramu aliyeitwa The Big Figure. Brilleaux alizaliwa Durban, Afrika Kusini, akaletwa Uingereza mdogo. Alikuwa karani kwa wakili. Wilko alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na lile gharika alilipitia akiwa na miaka mitano. Kwa hiyo ile habari ya mwalimu wa hesabu anayepiga besi haikuanza jana. Walikuwa bendi ya mtaa kama ile ya Ijumaa, wanapiga kwenye baa na harusi, na kisiwa chao chenye matope na matangi wakakiita Delta, kwa utani wa ile Delta ya Mississippi ya blues (mimi delta nayoijua ni ya Rufiji, nayo haina hata bendi moja ya blues). Kuanzia 1973 wakaanza kwenda kupiga baa za London, wakati ambapo mabendi makubwa yanapiga wimbo wa dakika ishirini na moshi jukwaani, wao wakaja na suti chafu na nyimbo za dakika tatu. 1975 wakatoa albamu ya kwanza, Down by the Jetty, na 1976 albamu yao ya laivu, Stupidity, ikakaa namba moja Uingereza. Bendi ya baa, namba moja! Na Brilleaux ndio aliyewakopesha jamaa pauni 400 wakaanzisha lebo ya muziki ya Stiff mwaka huo huo. Eddie and the Hot Rods nao wakafuata kutoka kisiwa hicho hicho.

Ila mimi niliyekuja kwa ajili yake ni Wilko, na wapiga rithimu wenzangu mtanielewa. Katafuteni video zake muuangalie mkono wa kulia. Hashiki piki. Anapiga kwa vidole vitupu kwenye gitaa la umeme aina ya Telecaster, jeusi lenye bamba jekundu, vidole vinashuka pamoja kama anafukuza kitu, na mkono wa kushoto unafanya kazi ya pili, unabana na kuachia nyuzi ili sauti ikatike. Nyuzi zinalia nusu ya muda tu, nusu nyingine ni kimya alichokibana kwa makusudi. Humo humo ndani ya rithimu anachomeka solo, hakuna mtu wa solo pembeni, gitaa moja linafanya kazi ambayo kwenye bendi yetu ingegawiwa watu watatu. Alichukua kwa Mick Green aliyekuwa na Johnny Kidd and the Pirates, wala hakuwahi kuficha. Halafu anatembea, macho kakodoa, mbele nyuma jukwaani kwa mstari ulionyooka kama kafungwa kwenye reli. Kwetu mpiga rithimu ni mtu wa nyuma, anasimama karibu na tumba, mashabiki hawamjui hata jina. Huyu alisimama na rithimu mbele ya bendi. Joe Strummer wa The Clash alipomwona ndio akaenda kununua Telecaster.

Wilko alitoka 1977, wakagombana, lakini alitoka na gitaa lake. Mwanzoni mwa 2013 ikatangazwa kwamba ana saratani ya kongosho na hana muda, akakataa tiba, akazunguka kupiga maonyesho ya kuaga, na 2014 daktari wa upasuaji akamtoa uvimbe wa kilo tatu akaishi mpaka Novemba 2022. Brilleaux alifariki 1994. Na Dr. Feelgood ipo bado inapiga mpaka leo, hakuna hata mmoja wa wale wanne ndani. Mashabiki wa Msondo na Sikinde wala hawatashangaa, sisi jina la bendi tunalijua linavyoishi kuliko watu.

Usiku shem akatuingiza klabu moja ya wanachama, sehemu ya wazee, bia bei nafuu kuliko ufukweni, unasaini kitabu kama mgeni. Bendi ya watatu, nyimbo zote za mtindo wa Canvey. Na mapumziko katikati ya set mbili yanahusu bahati nasibu ya nyama. Sitanii. Unanunua tiketi, namba ikitoka unapewa sinia la soseji, nyama ya nguruwe na kuku mzima limefungwa nailoni, na bendi haianzi mpaka nyama iishe. Mpiga gitaa alishinda yeye, ukumbi mzima ukapiga kelele kwamba ni wizi, akalitundika sinia juu ya ampu yake akaendelea kupiga. Mzee mmoja akaniambia aliwaona Feelgood wakiwa hawajulikani, ila baa nzima ya wazee wa umri ule walikuwa wanasema hivyo hivyo, kama wote walikuwepo basi hilo jengo lilikuwa uwanja wa mpira.

Jumapili

Asubuhi dada alitaka mtoto apate hewa tukaenda Priory Park, kuna kibanda cha muziki katikati ya bustani na tukabahatika kukuta bendi ya matarumbeta inapiga, watu wa kila umri na sare zao za mabega ya dhahabu, kuanzia bibi mwenye tuba mpaka mtoto wa shule. Nikamfuata mmoja wakati wa mapumziko kumuuliza swali langu lile lile. Hapa jibu likawa tofauti! Vyombo vingi ni mali ya bendi, unakabidhiwa, ukiacha unarudisha. Nikasema ahaa, nimefika nyumbani, hii NUTA hii. Mshahara je? Akanijibu kwamba wao ndio wanalipa ada kila mwezi ili wapige. Hapo nikaona bora nirudi kwa dada.

Mchana kukawa na jam ya blues kwenye baa nyuma ya stesheni, bendi ya wenyeji inapiga nyimbo chache halafu inaita watu wa kuchanganyika. Shem bila kuniuliza akaandika jina langu. Nikaazimwa Telecaster, nyuzi zake nene sijapata kuona, vidole viwili vya mpiga gitaa juu, D, blues ya mzunguko wa vipimo (bars) kumi na viwili. Mizunguko miwili ya kwanza nilifuata adabu. Wa tatu nikaanza kuweka rithimu ya kwetu chini yake, ile ya kuchambua nyuzi inayokaa katikati ya mapigo, taratibu tu. Mpiga besi alipotea, nilimwona anatafuta pigo la kwanza liko wapi, akarudi kupiga noti moja ya mzizi kwa usalama. Mpiga dramu ndio alinielewa haraka akahamia kwenye hi-hati. Mzee wa kinanda cha mdomo akaendelea kama hakuna kilichotokea, angeweza kupuliza hata tetemeko likipita. Haikuwa nzuri sana jamani nisiwadanganye, ilikuwa na sehemu kama sita hivi za sekunde kumi kumi ambazo zilikaa, lakini zile zilikaa.

Tulivyoshuka mpiga besi akanifuata hajakasirika, anataka kujua tu ile kitu inaanzia wapi. Tukakaa kwenye benchi nje, nikamwonyesha kwa kugonga meza, mkono wa kushoto tumba, wa kulia rithimu. Akaniuliza kama napatikana Jumamosi ijayo kuna shughuli ya harusi, na harusi ndio pesa huku, bendi ile ile ikivaa tai inalipwa mara tatu nne ya baa. Nikamwambia visa yangu ni ya kutembea, kulipwa siruhusiwi. Basi akaninunulia soda.

Jumatatu

Siku ya kazi, vyumba vya mazoezi vya kukodi kwa saa viko kwenye eneo la magereji, kimoja ubavuni mwa fundi matairi. Mtoto wa jirani yake dada ana bendi ya vijana wenzake wanne, nyimbo zao wenyewe, tukaenda kukaa nao. Kelele lakini zimepangwa. Ndoto yao ni Nothing But Thieves, ambao ni wa hapa hapa Southend na sasa wanajaza kumbi kubwa, na kabla yao The Horrors. Ila hawa vijana hawapati baa hata moja. Baa zinataka kopi, mnywaji anataka wimbo anaoujua. Wakipata ukumbi wa nyimbo zao promota fulani anawapa tiketi 25 wauze wenyewe kwa mama zao na wajomba, wasipouza wanafidia, yaani unalipa ili ukafanye kazi. Nilichukia kwa niaba yao. Bosi mwenye vyombo angalau anakulisha.

Kuhusu nyimbo zao nikawasisitiza kuandika nani katunga nini, na mfano uko hapo hapo mjini kwao. Gary Brooker wa Procol Harum alikulia Southend, bendi yake ya awali The Paramounts ilikuwa ya hapa, na ule wimbo wa Procol Harum wa 1967, A Whiter Shade of Pale, mpiga kinanda Matthew Fisher alikuja kudai kwamba ule utangulizi wa kinanda ni wake, kesi ikafika mpaka kwa majaji wa House of Lords na 2009 akashinda. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kurekodi! Vijana walikuwa hawajui. Mpiga dramu wao akaanza hapo hapo kudai asilimia.

Nikiwa nimekaa juu ya kesi ya gitaa nikapata jibu la kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu Ijumaa, kwamba kwa nini mabendi yote haya ni watu watatu, wanne, basi. Sisi tunapanda jukwaani kumi na mbili, kumi na tano na wanenguaji, trampeti mbili, saksi, magitaa matatu. Nilidhani ni ladha yao. Kumbe ni hesabu. Kila mtu anabeba vyombo vyake kwa gari lake, pauni 300 ukiigawa kwa kumi na tano haifiki hata nauli, na kona ya baa haiingii trampeti. Bendi ya Uingereza inaishia pale buti la gari linapoishia. Bendi kubwa kama yetu inawezekana pale tu ambapo kuna mtu au chama kimenunua vyombo, na huyo aliyenunua ndio atakuamulia unapiga nini, unaoa lini na unafukuzwa lini. Wao wana uhuru na bendi ndogo, mtu anapiga na wenzake wale wale miaka thelathini hakuna wa kuwavunja. Mimi kusema kweli moyo wangu bado uko kwenye trampeti. Lakini gitaa langu sitampa tena bosi.

Jumanne

Nafunga mizigo. Dada kanipa maziwa ya unga na nguo za watoto za kupeleka kwa ndugu nusu ya Temeke, kilo zote zimeisha, ile Telecaster niliyoiona dukani nimeiacha pale pale.

Yule mpiga besi ananitumia meseji tangu asubuhi. Nilimrekodia kwenye simu rithimu na second solo (gitaa la pili la solo), kila moja peke yake, anajaribu kuziunganisha na wenzake. Ya kwanza aliuliza kii. Nikamtumia picha ya vidole viwili juu. Ya pili akauliza second solo nani apige maana wako wanne na wote mikono imejaa. Nikamwambia hiyo inahitaji mtu wa tano. Akakaa kimya kidogo, halafu akajibu kwamba kwenye gari la mpiga dramu siti ya nyuma inaweza kupatikana, ila huyo mtu aje na ampu ndogo.